Mwache Bwana Msa Ateremke Mkunguni

Cardiff, Wales

Mdogo wangu,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na Mama, Bibi, Ami na jamaa wote wa hapo Langoni, Lamu. Mimi kwa rehema za Mwenyezi Mungu sijambo, hofu ni juu yenu tu. Huku baridi imeshashika. Saa kumi na robo jioni jua limetua, na maghribi inatukuta kazini. Nimeandika kwa karatasi kwa sababu Bibi aliniambia ujumbe wa simu si barua, na kuna kijana wa Mombasa anayekwenda likizo amekubali kuwabebea bahasha hii na mzigo mdogo. Bibi msomee mwanzo na mwisho. Hapa katikati ni mambo yetu mimi nawe, atasinzia.

Hadithi yako nimeisoma yote. Picha za daftari ulizonitumia zina kivuli cha kidole gumba kila ukurasa, lakini nimesoma, nyingine nikiwa ndani ya basi, hata abiria wa pembeni akanitazama kwa kucheka peke yangu. Kumtoa Bwana Msa, yule mpelelezi wa vitabuni, Unguja na kumteremsha Mkunguni hapo Lamu, jahazi limechelewa, kiko mdomoni na rafikiye Najum nyuma yake anahangaika na mabegi! Sikutarajia hilo kutoka kwa mtu aliyekuwa akilia akiambiwa aandike insha.

Mama kanisimulia Ami alivyokufuma barazani na hilo daftari. Eti kasema: watu wa kubuni, tena wamebuniwa na mwingine, na hulipwi hata shilingi, hiyo kazi gani? Simlaumu. Ndivyo alivyoniuliza mimi pia niliposema kwamba jioni nyingine nikitoka kazini hupitia maktaba kukaa na watu wanaoandika hadithi kwa kujifurahisha. Jibu lake ninalo, ila nitalizunguka kidogo.

Mji huu ninaokaa umejaa mashabiki wa kipindi kimoja cha runinga kiitwacho Doctor Who. Kilianza kuonyeshwa na BBC tarehe 23 Novemba 1963, siku moja baada ya Rais Kennedy kuuawa, na tangu 2005 kinatengenezwa huku Wales. Ni habari ya msafiri, si binadamu, anayezunguka nyakati na nyota ndani ya kisanduku cha bluu, vile vibanda vya polisi wa Uingereza wa zamani. Nje kibanda hakiwezi kutosha watu wanne. Ndani hakina mwisho, kama zile nyumba za mawe za Mkomani: uchochoroni unaona ukuta mtupu na mlango, ukishavuka daka na kiwanda, ule ua wa ndani, ndipo unajua umeingia kwa watu. Msafiri huyo akikaribia kufa hugeuka sura na mwili akawa mtu mwingine. Ujanja huo waliubuni mwaka 1966, mwigizaji wa kwanza, William Hartnell, alipokuwa amedhoofika kiafya, na ndio uliokifanya kipindi kisife na mtu. Hivi karibuni nafasi hiyo aliishika Ncuti Gatwa, mzaliwa wa Rwanda. Siku niliyomwona kwa mara ya kwanza akitoka kwenye kile kibanda nilipiga vigelegele, na jirani akagonga ukuta.

Nikwambie kweli, vipindi vingine ni vya kitoto. Majini ya mpira, mlango wa sayari unaotikisika ukifungwa. Kilichonivuta mimi ni mashabiki wenyewe. BBC ya zamani ilikuwa ikifuta kanda zake ili izitumie tena, na nyingine zikatupwa tu, kwa hiyo vipindi vingi vya miaka ya 60 vimepotea. Picha zimepotea, lakini sauti ya kila kipindi kilichopotea ipo. Ipo kwa sababu majumbani kulikuwa na watu waliokuwa wakiweka kinasa sauti mbele ya spika ya runinga na kuwanyamazisha wenzao. Katika nyumba ya wazee ninayofanya kazi kuna mzee mmoja aliyekuwa akifanya hivyo akiwa mvulana. Kanda yake anayo hadi leo. Nilimwekea siku moja baada ya chai: muziki unalia, sauti za mashine, halafu katikati ya vita vya sayari mama yake anauliza viazi vimenywe vingapi. Mzee akanishika mkono, akasema, "Huyo ndiye mama yangu," na tukarudisha nyuma tumsikilize tena. Sauti ya mama yake haipo mahali pengine popote.

Na vipande vingine vya picha, usishangae, vimetoka kwetu Afrika. Mwaka 2013 BBC walitangaza kwamba vipindi 9 vilivyodhaniwa vimekwenda na maji vimepatikana Jos, Nigeria, kwenye kituo cha televisheni, vikiwa vimekaa humo na vumbi lake. Enzi zile nakala zilikuwa zikiuzwa nchi za nje na hakuna aliyekumbuka kuzirudisha.

Kipindi kilisimamishwa 1989. Hapo ndipo napenda zaidi. Miaka yote hiyo mashabiki hawakukaa kuomboleza, walishika kalamu. Walipiga chapa vijarida vyao, wakamtungia msafiri safari mpya, na baadhi yao wakapata kuandika riwaya zilizochapishwa. Mmoja wao, Russell T Davies, mwana wa Swansea hapa hapa Wales, aliandika riwaya yake ya Doctor Who mwaka 1996, na ndiye aliyekirudisha kipindi hewani 2005. Peter Capaldi alikuwa na miaka 15 alipoandika barua ya kishabiki ikachapishwa katika jarida la Radio Times mwaka 1974. Mwaka 2013 yeye mwenyewe akawa ndiye huyo msafiri. Haya mweleze Ami kama anataka habari za faida, ingawa mimi sioni kama ndiyo hoja. Wengi walioandika hawakupata chochote, na bado wanaandika.

Turudi kwa Bwana Msa wako, maana naye ana ukoo. Muhammed Said Abdulla alikuwa mwandishi wa magazeti Unguja. Hadithi yake ya kwanza ya Bwana Msa, Mzimu wa Watu wa Kale, ilishinda shindano la uandishi la 1957–58 kisha ikachapishwa 1960. Kila anayeisoma anamwona Sherlock Holmes nyuma ya pazia: kiko, rafiki anayefuatafuata, askari wanaofika wamechelewa. Na huyo Holmes mwenyewe, Arthur Conan Doyle alimchoka akamtupa kwenye maporomoko ya maji huko Uswisi, katika toleo la jarida la Strand la Desemba 1893. Wasomaji walikasirika kama waliofiwa, wengi wakaacha kununua jarida. Mwaka 1901 akaanza kuwatolea kisa kingine, akisema ni cha kabla ya kifo, na 1903 akamfufua kabisa. Mwaka 1911 Mwingereza mmoja, Ronald Knox, aliyekuja kuwa padri, akatoa mhadhara akizichambua hadithi hizo kwa uzito wote kama mtu anayechambua maandiko, kwa mzaha, na mchezo huo watu hawajauacha mpaka leo. Kwa hiyo anayemchukua Bwana Msa amechukua kitu kilichokwisha kuchukuliwa, kikanyolewa, kikavishwa kanzu.

Sasa mrudie Ami, ila kwa adabu, tena baada ya chakula. Mkumbushe kwamba yeye ndiye aliyetusomea takhmisi tukiwa wadogo, umeme umekatika, feni imesimama na hakuna pa kukimbilia. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, yule wa utenzi wa Al-Inkishafi, alilichukua shairi la Liyongo, shujaa na mshairi wa kale wa pwani yetu, akalitilia mishororo yake mitatu kwa kila ubeti, ukawa wa mitano. Na hakuna aliyesimama msikitini kusema Sayyid amedandia kazi ya mtu. Ilikuwa heshima. Unamwonyesha marehemu kwamba umemsikia vizuri kiasi cha kuweza kumjibu kwa mizani yake, na msomaji anayewajua nyote wawili anapata raha ya kusikiliza mahali sauti zinapokutana. Ukimwuliza shabiki wa hapa maktaba kwa nini anaandika kuhusu watu wa mwenziwe, atakupa jibu hilohilo kwa maneno mengine.

Au Muhammad Kijumwa, mwana wa Lamu hasa. Utendi wake wa Fumo Liyongo ni wa 1913. Mkate wa wishwa wenye tupa ndani, ngoma inayopigwa nje ili minyororo isisikike ikikatwa, sindano ya shaba ya kitovuni: hakuna hata kimoja alichobuni. Vizazi vilikuwa vimeshavihadithia kabla ya babu yake. Yeye alivipanga, akachagua pa kukawia na pa kupita mbio, na leo ukisema Liyongo, wengi wanaona Liyongo wa Kijumwa. Hati alizoandika kwa mkono wake zimehifadhiwa London, pale chuo cha SOAS, na wasomi wanazivulia kofia. Mwulize Ami nani alimlipa Sayyid Abdalla kwa ile mishororo mitatu.

Akiwa bado amekunja uso, mwambie kwamba hawa Wales wana tamasha kila mwaka mwezi wa Agosti, Eisteddfod, la lugha yao tupu. Washairi hupeleka kazi kwa majina ya bandia, mizani yao migumu kupita ya kwetu (silabi peke yake hazitoshi, konsonanti nazo lazima ziitikiane), na siku ya kutangaza, jina la bandia linaitwa ukumbini, trampeti zinalia, na mshindi anasimama kati ya watu ambao hawakujua kuwa ni yeye. Zawadi ni kiti. Kiti cha mbao, kimechongwa, anakwenda nacho kwake. Hapo Ami ataliweka chini gazeti.

Mimi lakini mwalimu wangu wa kwanza wa mambo haya ni Khalati. Unakumbuka zile filamu za Kihindi? Hajui neno la Kihindi ila majina ya vyakula, lakini alikuwa akitazama mpaka mwisho, kisha kesho yake jikoni, sinia la mchele mapajani, anachagua chuya na kusimulia. Vidole haviachi mchele. Mbaya akitokea anautikisa sinia, wapenzi wakikutana anapuliza pumba taratibu. Majirani walikuwa wakija na sinia zao ili wasikilize. Kuna moja aliyotusimulia ambayo mama wa shujaa anatoroka hospitali, anamkuta mwanawe sokoni, anamjua kwa kovu. Nimekuja kuiona huku, ina maandishi chini, na huyo mama anafia hospitali kabla ya nusu, wala hakuna soko. Nikazima. Ya Khalati ni filamu nzuri zaidi.

DJ Afro naye, yule msimulizi wa filamu uliyekuwa ukichelewa kurudi nyumbani kwa ajili yake, unadhani anatafsiri? Anachukua Mchina anayepigana juu ya paa, anampa jina la utani, anamtilia mzaha wa Nairobi mdomoni, na watazamaji wanalipia ule mdomo. Zile tamthilia za Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili anazotazama Mama ni kazi safi, sikatai, ila waigizaji wote wanazungumza kama wamemeza kamusi. DJ Afro hata akiharibu, anaharibu akiwa hai.

Basi na mimi nikwambie ninachoandika, lakini usimwambie mtu. Ni Siku Njema. Tangu nilipoisoma shuleni nimekuwa nikimfikiria Zainabu Makame. Ken Walibora, Mungu amrehemu, alituandikia safari ya mtoto, Kongowea, kutoka Tanga kwenda kumtafuta baba, na kitabu tangu 1996 kimeliza wanafunzi wa Kenya nzima. Ila mama, mwimbaji wa taarabu, anaondoka mapema mno kwa hamu yangu. Nilitaka kumwona jioni kabla hajapanda jukwaani: nani anamfunga leso mtoto, nani anamsengenya nyuma ya pazia, anaimba nini akiwa hataki kuimba. Kwa hiyo ninamwandikia. Kwa Kiswahili, kisha pale maktaba ninawasomea kwa Kiingereza changu cha kubabaisha. Mama mmoja Msomali, mzaliwa wa hapa Butetown, ambako mabaharia wa Kisomali na Kiyemeni walihamia zamani za meli za makaa ya mawe, aliniuliza maswali kumhusu Zainabu kama anauliza habari za jirani yake. Sikuhitaji malipo mengine wiki ile.

Haya, hadithi yako. Kaa vizuri.

Kwanza, mwizi wa siwa, lile baragumu la heshima la mji, anatembea nayo saa mbili usiku Usita wa Mui mzima, njia kuu ya mji, mpaka ufukweni, watu ndio kwanza wanatoka isha, na hakuna aliyemwona? Lamu hii hii? Mtu hapiti na samaki mmoja bila kuulizwa na watatu kanunua bei gani. Ama mwizi apite alfajiri na punda mwenye shehena ya mchanga, siwa imo ndani ya mchanga, ama watu wote wamemwona na wote wamenyamaza kwa sababu. Hilo la pili ni gumu kuandika, na ndilo ningelisoma usiku kucha.

Pili, karani wa forodha anatokea ukurasa wa mwisho tu, na kumbe ndiye mwizi. Msomaji atakutupia daftari. Knox yuleyule aliweka kanuni kumi za hadithi za upelelezi mwaka 1929, na ya kwanza ni kwamba mkosaji awe ametajwa mapema. Mweke karani bandarini tangu jahazi linapofunga, anagombana na Najum juu ya mabegi. Tumchukie kwa sababu ndogo, tusahau ile kubwa.

Tatu, Najum wako ana akili nyingi. Kazi ya Najum ni kukosea kwa niaba yetu. Yeye aone kilichopo, akielewe vibaya, tukubaliane naye, halafu Bwana Msa atoe kiko mdomoni. Ukimfanya Najum mwerevu, Bwana Msa anabaki mtu wa majivuno tu.

Nne, watu wote wanazungumza kama taarifa ya habari. Bwana Msa aseme Kiunguja chake, lakini yule fundi wa majahazi wa Matondoni mwache aseme Kiamu chake, na Bwana Msa aombe kurudiliwa. Mpelelezi asiyeelewa vizuri anachoambiwa ni mpelelezi mwenye kazi.

Pale anapoushika mlango wa nakshi gizani na kujua kwa vidole kwamba kipande kimoja ni kipya, usipaguse. Hata koma.

Umeniuliza kama ni wizi. Sheria ya Kenya inamlinda mwandishi mpaka miaka 50 baada ya kufa kwake, na Muhammed Said Abdulla alifariki 1991, kwa hiyo Bwana Msa bado ana wenyewe. Holmes ameshakuwa wa watu wote, Conan Doyle alikufa 1930 na hata Marekani hadithi zake za mwisho zilitoka kwenye hakimiliki mwanzoni mwa 2023. Wewe andika, soma barazani, wape wenzako daftari lizunguke mpaka lichanike. Usilichapishe wala usiliuze. Zainabu wangu naye yuko katika hali hiyohiyo, hatoki nje ya daftari na ile meza ya maktaba. Ukija kutaka kuchapisha, badilisha jina la mpelelezi, mvue kiko, mpe tambuu, awe mtu wa Pate mwenye kisukari anayekatazwa halwa. Nimeshampenda.

Kwenye mzigo kuna sweta ya Bibi, dawa ya miguu ya Mama, na kitabu kimoja cha Holmes nilichokipata duka la mitumba, kimeandikwaandikwa pembeni na mtu wa zamani aliyekuwa akibahatisha muuaji kila sura. Amekosea mara nyingi, inachekesha. Ami nimemwekea miwani ya kusomea aliyoomba. Mwambie akiivaa aanze na daftari lako.

Nakuomba uniwekee Khalati kwenye simu, umrekodi akisimulia filamu yoyote, hata ya jana. Usimwambie unarekodi mpaka amalize, maana ataanza kusema Kiswahili cha mkutano. Na jikoni kukiwa na kelele, ziache.

Wasalimie wote, mkubwa kwa mdogo. Mama mwambie pesa za paa nitatuma mwisho wa mwezi inshallah. Sura inayofuata nitumie haraka, na hicho kidole kiondoe.

Wassalaam,
Dada yako